Chakula cha Kombania Nzima

Mama Upawa hakuwahi kushika bunduki. Vita vilipoanza alikuwa msichana anayemenya viazi katika kantini ya kiwanda cha sabuni, na vilipokwisha alikuwa bado anamenya viazi pale pale, ila viazi vyenyewe vilikuwa vimekuwa vidogo. Kilichomwingiza vitani ni ndoa. Aliolewa na mpishi wa jeshi, mtu mpole mwenye mikono mipana, aliyerudi kutoka mstari wa mbele na sufuria tatu kubwa ambazo wakubwa waliziona kama chuma chakavu, upawa mmoja mrefu wa bati, na kichwa kilichojaa watu waliokufa. Wenzake walipoolewa walikuta mawifi na mama mkwe. Yeye alikuta wifi mmoja na kombania nzima.

Aliwajua mmoja mmoja, kama mtu anavyowajua majirani zake. Hakuwajua kwa majina yaliyochongwa kwenye jiwe la kumbukumbu, maana mumewe hakuwaita hivyo. Aliwajua kwa majina ya foleni, yale wanayopeana watu wanaosubiri chakula huku wananyeshewa. Alimjua Kasisi, aliyekuwa bingwa wa matusi katika batalioni yote. Alimjua Mkia, aliyejiweka nyuma ya wote kwa makusudi ili apate ukoko wa chini ya sufuria. Alimjua Bibi Harusi, mwanamume mwenye ndevu kama brashi, aliyesugua kucha kabla ya kula hata kama makombora yanaanguka. Na alimjua Chumvi, sajini mwenye mdomo, ambaye kila siku alionja, akakunja uso, akasema chumvi imezidi, kisha akarudi na sahani tupu kuomba nyongeza.

Wote hao walikufa siku moja, na marehemu mumewe alikuwa amewapikia.

Siku hiyo kombania ilitoka alfajiri kwenda kushika daraja, naye akaambiwa apike chakula cha jioni cha watu wote kama kawaida. Akapika. Mpishi wa jeshi hupikia idadi aliyopewa asubuhi, hana namna ya kujua mchana umefanya nini. Jioni ilipofika, waliorudi wakapanga foleni. Akawagawia, macho yakiwa ndani ya sufuria, huku akiita "Mwingine!" kama alivyozoea. Akaita tena, "Mwingine!" Upawa ukabaki umeinuliwa na hakuna sahani iliyokuja chini yake. Ndipo alipoinua uso. Foleni ilikuwa imekwisha, na sufuria ya kwanza ilikuwa haijafika nusu. Hakuna mtu aliyempa taarifa ya daraja lile. Aliipata kwa maharage yaliyobaki.

Afisa mmoja akaamuru chakula kimwagwe, maana walitakiwa kuondoka haraka. Yule mpishi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kubishana hata na paka, akakataa. Alisimama mbele ya sufuria zake akawaambia waliobaki warudi kwenye foleni. Kila mmoja ameshakula chake, akasema, sasa ale cha mwenzake, na aseme anakula cha nani. Wakarudi. Wa kwanza alisema anakula cha Kasisi, akatoa tusi moja zito kwa niaba yake. Wakala wakilia, wengine wakicheka na kulia kwa pamoja, mpaka sufuria zikabaki tupu. Afisa naye, mwisho wa yote, akaleta sahani.

Basi ikawa desturi yao. Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka mashujaa wa batalioni, hotuba zikiisha ukumbini, mpishi alikuwa uani nyuma ya ukumbi wa maveterani na sufuria zake tatu. Alipikia kombania nzima, kama vile daraja halijawahi kuwepo. Wazee walikula chao, wakarudi kula cha wenzao, na habari za wafu zilitolewa hapo hapo, sahani ikiwa mkononi. Nje ya foleni, na nyumbani kwa mpishi, hawakuzitaja kabisa. Ungemuuliza mpishi barabarani Chumvi alikuwa mtu wa namna gani, angekuuliza watoto hawajambo. Wenzake nao walishika hivyo hivyo.

Mpishi alipofariki, watu walidhani mambo yameishia pale. Mwaka uliofuata mjane wake alifika uani amejifunga kanga kiunoni, upawa begani, akawasha moto bila kumwomba mtu ruhusa. Jina la Mama Upawa alilipata siku hiyo, na hakuna aliyethubutu kuuliza kadi yake ya uanachama iko wapi.

Hakuna aliyethubutu mpaka siku Katibu alipomfuata.

Tusimwonee Katibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa askari aliyekufa vitani, na alikuta chama cha maveterani paa linavuja na viti vimevunjika, akaviweka sawa vyote. Shati lake lilipigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya kwapa. Siku ya kumbukumbu alikaa meza kuu pembeni ya mgeni rasmi, akihakikisha maji yapo na kipaza sauti hakikoromi, na chakula chake aliletewa hapo hapo. Uani hakuwahi kukanyaga. Alimfuata Mama Upawa kule kule kantini ya kiwanda, wakati wa kuosha vyombo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Katibu. Keti, kama suruali yako itakubaliana na kiti."

Alikaa ukingoni mwa benchi. "Mama, nimekuja kukuambia kwamba mwaka huu utapumzika. Tumepata watu wa kuleta chakula cha pakiti. Mgeni rasmi ni mkubwa, na wazee waliobaki ni wachache. Kila mtu atapata pakiti yake na soda yake."

"Na wasiokuja?"

"Wasiokuja hawana haja ya pakiti."

Mama Upawa aliendelea kusugua sufuria. Alisugua kwa nguvu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Wewe unapikia watu ambao hawapo, mama. Mwaka jana, ulipoondoka, mlinzi alimwaga sufuria nzima. Nzima. Alichimba shimo nyuma ya choo. Na nje ya ukuta ule kuna watu wanashinda na njaa. Kama hiyo ni heshima kwa marehemu, mimi siioni."

Hilo hakuwa analijua. Mkono wake ulisimama juu ya sufuria, na moyo ukamuuma sana, kwa sababu jambo ambalo mumewe alilikataa mbele ya afisa mwenye bastola lilikuwa limefanywa nyuma ya choo na mtu mwenye jembe. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Katibu alikuwa anasema kweli.

"Na isitoshe," Katibu akaendelea, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, "wewe vitani hukuwepo."

"Sufuria zilikuwepo."

"Mimi baba yangu alifia kule, mama. Nilikuwa bado tumboni. Sina kaburi lake wala sauti yake, nina picha moja tu, amevaa kofia mpaka kwenye nyusi. Kwa hiyo usinifundishe kukumbuka."

Mama Upawa alimtazama. Alikuwa na jibu mdomoni, jibu ambalo lingemkalisha kijana huyu chini pale pale. Siku Katibu alipochaguliwa, mumewe alikuwa kitandani hajiwezi, na alipoambiwa ni mtoto wa nani alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Mtoto wa Chumvi," alisema. "Siku atakayopanga foleni, nitampa habari za baba yake." Akafa bila kuiona siku hiyo. Mjane wake alilibeba jambo lile pamoja na sufuria, na kila mwaka alimwangalia Katibu akipelekewa chakula meza kuu, akajiambia labda mwakani.

Sasa lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, na lingemwokolea jiko lake. Alilimeza. Hakuwa tayari kumtumia baba wa mtu kama rungu.

"Pakiti zako lete," alisema. "Mimi nitapika."

"Geti la uani litakuwa limefungwa, mama."

"Lifunge. Na ufunguo uuweke mahali utakapouona, usije ukahangaika kuutafuta."

Jioni wifi yake alimkuta amemwaga maharage mezani, anachambua. Wifi huyu alikuwa dada wa marehemu, mwanamke mwembamba mwenye maneno manene, na walikuwa wametaniana tangu siku ya harusi bila mshindi kupatikana.

"Wifi, unapika wapi? Kichwani mwako?"

"Ng'ambo ya barabara. Mbele ya geti lao kuu."

"Manispaa watakukamata."

"Waje mapema, kabla hakijapoa."

"Na nani atakula? Wazee wenyewe wamebaki wa kuhesabia kiganjani, na wote watakuwa ndani na pakiti."

"Huyo mtoto amenitukana na amenifundisha kwa pumzi moja," Mama Upawa alisema. "Kosa si kupika kingi. Kosa ni kwamba tulikuwa tunaita watu wale wale wachache waje kula cha kombania nzima. Tumbo la mzee lina mwisho wake. Lakini barabara ile ina watu. Atakula yeyote anayepita, mradi asikie anakula cha nani."

Wifi yake akavuta kiti. "Haya sogeza hayo maharage. Unaacha mawe, unataka kuwang'oa watu meno kwa jina la kaka yangu."

Siku yenyewe ilipofika, fundi baiskeli wa ng'ambo ya ukumbi aliwaazima kivuli cha kibanda chake na matofali ya kutegeshea sufuria. Moto ulikolea. Ukumbini viti vilipangwa, bendera ikapandishwa, magari yenye vioo vyeusi yakaingia. Katibu alitoka getini mara moja, akaona moshi, akabaki ameshika kiuno. Kisha akaitwa ndani.

Mwanzoni hakuna aliyesimama. Chakula cha bure kina mashaka yake. Mwanamke mmoja aliuliza ni cha chama gani cha siasa. Mwanamume mmoja alitaka kujua kama baadaye ataandikishwa jina. Wa kwanza kukubali alikuwa mama mfagiaji wa barabara, aliyekuwa na njaa ya kweli na hakuwa na muda wa kufikiria siasa.

"Hii ni ya Bibi Harusi," Mama Upawa akamwambia, sahani ikiwa bado mkononi mwake. "Alikuwa na ndevu mpaka hapa. Makombora yanaanguka, yeye anasugua kucha. Wenzake wakimpigia kelele alale chini, anasema akifa hataki kuonekana mchafu. Haya, kula."

Mfagiaji aliangalia mikono yake. Akairudisha sahani juu ya tofali, akaenda kwenye ndoo ya fundi baiskeli, akanawa mpaka kwenye viwiko, ndipo akarudi kuichukua. Mama Upawa aligeuza uso kwenye moshi kwa muda, akasingizia moshi.

Wa pili alikuwa askari wa manispaa.

"Mama, hapa hairuhusiwi kuuza chakula."

"Umeona nauza?"

"Hata kugawa kunahitaji kibali."

"Kibali changu kimetolewa na watu waliokufa. Ukitaka kukihakiki, nenda kawaulize." Alikuwa ameshajaza sahani. "Hii ni ya Kasisi. Ukila chake, sharti utukane kidogo kwanza."

"Niko kazini, mama."

"Hata yeye alikuwa kazini."

Askari alitazama kushoto na kulia. Akainamia sahani, akanong'ona neno moja ambalo lilimfanya wifi azibe mdomo kwa upande wa kanga. Kisha akala amesimama wima, kofia kwapani, na alipomaliza akaanza kuwapanga watu mstari ulionyooka bila kuombwa na mtu.

Baada ya hapo foleni ilijishona yenyewe. Walikuja wapakiaji wa lori, wasichana wa saluni, mwalimu mwenye chaki kwenye mkono wa shati, muuza magazeti. Kipaza sauti cha ukumbini kilikuwa kinasema damu ya mashujaa wetu haikumwagika bure, na huku ng'ambo Mama Upawa anamwambia mpakiaji mmoja kwamba anakula cha mtu aliyekuwa anaogopa panya kuliko risasi. Kicheko kikavuka barabara kikaingia madirishani. Kila aliyekula alibaki pale pale, akimhadithia jirani yake mtu aliyepewa. Yule wa panya alizungumzwa kibandani, kwenye lori na mlangoni mwa saluni. Mama Upawa alisikia majina yake, majina ambayo kwa miaka yote yalikuwa kwenye vinywa vya wazee tu, yakitamkwa na watu ambao hata vita vyenyewe hawakuvijua. Mkono ulimuuma mpaka begani, na hakuwahi kujisikia na nguvu kama siku hiyo.

Ndipo Koplo alipotoka. Koplo ndiye mzee pekee wa kombania ile aliyekuwa bado anatembea mwenyewe. Walikuwa wamemkalisha meza kuu na pakiti mbele yake na uma wa plastiki. Katikati ya hotuba aliinuka, akachukua fimbo yake, akapita mbele ya mgeni rasmi bila kuomba radhi, akavuka geti na barabara. Watu wakampisha apite mbele.

"Acheni," alisema. "Foleni hii naijua."

Akaenda nyuma kabisa. Zamu yake ilipofika alidai cha Mkia, na akataka ukoko. Mama Upawa aliukwangua kwa nguvu zake zote.

Wakubwa wawili wakamfuata Koplo, halafu dereva wa mgeni rasmi, halafu viti vya nyuma vyote. Na mwisho Katibu, tai imeegemea bega moja.

"Mama, umeniaibisha."

"Foleni inaanzia kwa fundi baiskeli," alisema Mama Upawa, bila kumtazama.

"Sikuja kula. Nimekuja kuzungumza na wewe."

"Mimi leo nazungumza na watu wenye sahani."

Katibu aliwageukia wengine kama mtu anayetafuta shahidi. Koplo alinyoosha fimbo kuelekea mwisho wa mstari. Askari wa manispaa alijikohoza. Mwisho wa yote Katibu alikwenda, akasimama nyuma ya dereva wa mgeni rasmi, amefunga mikono kifuani, hasira zikimtoka puani. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na ilimbidi asikilize. Alisikia cha huyu na cha yule. Alisikia dereva akipewa kijana aliyekuwa anaimba usingizini. Mikono ikafunguka kutoka kifuani. Alipofika mbele, maneno aliyokuja nayo yalikuwa yamepoa, na alijikuta anashika sahani.

Mama Upawa alijaza. Aliushika upawa kwa mikono miwili.

"Hii ni ya Chumvi," alisema. "Sajini, mdomo mrefu. Kila siku anaonja, anakunja uso hivi, anasema chumvi imezidi. Mume wangu akipunguza, imezidi. Siku moja hakutia hata punje; imezidi. Na kila siku huyo huyo ndiye wa kwanza kurudi na sahani tupu. Alfajiri ya siku ya daraja alipita jikoni akasema, 'Punguza leo, Mpishi. Nina mtoto anakuja nyumbani, sitaki niuawe na chumvi yako kabla sijamwona.'"

Katibu aliipokea sahani.

"Huyu Chumvi," akasema, "kwa jina lake la kweli aliitwa nani?"

"Unalo wewe. Liko mwisho wa jina lako."

Hakuna aliyemharakisha. Fundi baiskeli alisukuma tairi kuukuu kwa mguu, na Katibu akaketi juu yake na suruali yake ya pasi. Alikula taratibu, machozi yakidondoka kwenye maharage, akayala na machozi hayo. Alipomaliza alimtazama mama yule.

"Kwa nini hukuniambia siku ile kantini?"

"Siku ile hukuwa na sahani."

Kisha akainuka, akajipangusa uso kwa ncha ya tai, akaja mbele ya sufuria akiwa ameshika sahani tupu kwa mikono miwili. Akakunja uso. Haukukunjika vizuri.

"Mama," alisema, "chumvi imezidi."

Koplo alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Wifi alilia waziwazi, bila kusingizia moshi. Mama Upawa alitamani kumkumbatia yule kijana mbele ya mgeni rasmi na watu wote, lakini nyuma yake watu walikuwa bado wanasubiri, na ndani ya sufuria ya tatu kulikuwa bado na kombania.

"Foleni inaanzia kwa fundi baiskeli," akamwambia.

Katibu akageuka, akaenda nyuma kabisa, akasimama.

Mama Upawa akainua upawa wa mumewe. "Mwingine!" akaita, na mtu akaja.